Cheti cha gesi kilichofika Novemba

Februari 2017, kampuni iitwayo Trecarrell House Limited ilimpangisha mama mmoja fleti huko England. Maji ya moto na joto la fleti hiyo vilitoka kwenye boila ya gesi iliyokuwa sehemu nyingine ya jengo. Boila ilikuwa imekaguliwa tarehe 31 Januari, wiki chache tu kabla ya mkataba kuanza, na cheti cha ukaguzi kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumkabidhi mpangaji. Akahamia, akalipa kodi, akaoga maji ya moto miezi na miezi, na nakala ya cheti ikamfikia Novemba.

Mei 2018 mwenye nyumba akampa notisi ya kuhama. Mpangaji akasimama mahakamani na kusema notisi hiyo haina nguvu, kwa sababu cheti cha gesi hakikutolewa kabla hajaingia. Karatasi hiyo moja ikalipandisha shauri hadi Mahakama ya Rufaa, na tarehe 18 Juni 2020 majaji watatu wakagawanyika, wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili.

Mawakili wa nyumba Uingereza wanakijua kisa hiki vizuri. Nakileta hapa kwa sababu Waswahili wengi wanaoishi kule ni wapangaji, wengine wamejinyima mpaka wakapata nyumba ya pili ya kupangisha, na wengine wengi zaidi wanapangishana vyumba kindugu bila karatasi yoyote. Naona pia kwamba kinachosemwa sana kuhusu hukumu hii sicho kilicho kizito zaidi. Ndani ya kisa hiki yalikuwemo makosa mawili. La kwanza ni cheti kilichochelewa kukabidhiwa. La pili halitajwi sana: ukaguzi uliofuata ulifanywa baada ya miezi 12 kupita. Kosa la kwanza lilijaza kurasa za hukumu. La pili lilijibiwa kwa ufupi, na jibu lake ndilo linalonisumbua.

Tuanze na notisi. Ilikuwa ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Nyumba ya 1988, ile ambayo wapangaji wa England waliiogopa kwa miaka mingi. Mwenye nyumba hakulazimika kutaja kosa lolote la mpangaji. Alitoa miezi miwili, na ikiisha alikwenda mahakamani kudai nyumba yake. Bunge likaja kuweka kizuizi mwaka 2015: kifungu kipya cha 21A kikasema notisi hiyo haiwezi kutolewa wakati mwenye nyumba amevunja sharti lililotajwa na kanuni, na mojawapo ya masharti yaliyotajwa ni kumpa mpangaji cheti cha gesi. Kwa mikataba iliyoanza tangu 1 Oktoba 2015, karatasi ya fundi wa gesi ikawa pia ufunguo wa mlango wa mahakama.

Wajibu wenyewe wa kukagua ni wa zamani kuliko hapo. Uko kwenye kanuni ya 36 ya Kanuni za Usalama wa Gesi za 1998, zinazotumika England, Wales na Scotland. Kila kifaa cha gesi ambacho mwenye nyumba ameweka, pamoja na dohani yake, kikaguliwe kila baada ya muda usiozidi miezi 12, na mkaguzi awe fundi aliyesajiliwa. Nakala ya cheti apewe mpangaji aliyemo ndani ya siku 28 tangu ukaguzi. Mpangaji mpya naye apewe nakala ya cheti cha mwisho kabla hajaanza kukaa. Kama hakuna kifaa cha gesi ndani ya vyumba vyake, kama ilivyokuwa kwenye fleti hii, mwenye nyumba anaruhusiwa kubandika nakala mahali panapoonekana katika jengo, na kumweleza mpangaji kwamba anayo haki ya kupewa nakala yake mwenyewe. Ukisoma hilo unaona jinsi shauri zima lilivyoweza kuepukwa kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani.

Kwa nini mpangaji mpya apewe kabla, wakati yule wa zamani anaweza kungoja siku 28? Jibu liko kwenye hewa yenyewe. Gesi isipoungua vizuri, kwa kukosa hewa ya kutosha au kwa sababu dohani imeziba, hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili unakosa oksijeni huku mtu anapumua kama kawaida. Wenyeji wa Njombe, Mbeya au viunga vya Nairobi hawahitaji kusimuliwa, kwani ni hewa ileile inayoua familia zilizoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha. Tofauti ni kwamba jiko la mkaa unaliona na uliliingiza mwenyewe. Boila ya nyumba ya kupanga uliikuta, pengine imefichwa kabatini, na hujui iliguswa lini na fundi.

Dalili zake hudanganya. Kichwa kinauma, unachoka, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa kuwa ni majira ya baridi unasema ni mafua. Kinachotoa siri ni kwamba ukitoka kwenda kazini unapata nafuu, ukirudi nyumbani yanarudi, na wenzako wa nyumba moja wanaumwa vilevile kwa wakati mmoja. Anayeugua kwa namna hii na hajui kama boila imekaguliwa hana hata sababu ya kuitilia shaka. Kabla ya usiku wa kwanza, mpangaji anategemea neno la mwenye nyumba peke yake, na cheti ndicho kinacholipa neno hilo jina, namba na tarehe.

Cheti hicho si mhuri mtupu. Wakala wa siku nyingi bado wanakiita CP12, jina lililobaki kutoka enzi za usajili wa mafundi wa gesi ulioitwa CORGI, ambao nafasi yake ilichukuliwa na Gas Safe Register tarehe 1 Aprili 2009. Fundi anayekuja anatakiwa kuwa na kitambulisho chenye picha, na nyuma ya kitambulisho zimeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa kufanya. Inafaa kukigeuza na kusoma, kwa sababu aliyesajiliwa kwa majiko ya kupikia si lazima awe amesajiliwa kwa boila. Akifika, huunganisha kipimo cha shinikizo kwenye mita, anafunga gesi na kutazama kama kipimo kinashuka, maana kikishuka kuna mahali panavuja. Anaangalia kama dohani inatoa moshi nje na kama chumba kinapata hewa ya kutosha. Boila anaiwasha na kupima hewa inayotoka kwenye dohani yake. Jiko anautazama moto: mwali wa buluu uliosimama imara ni mzuri, wa njano unaolegea, au masizi ukutani, ni onyo. Anajaribu pia vile vifaa vya usalama vinavyokata gesi moto ukizimika. Kisha anaandika kifaa kimoja kimoja, kilipo, alichokiona, kasoro na hatua iliyochukuliwa, anuani ya nyumba, jina la mwenye nyumba au wakala wake, tarehe, namba yake ya usajili na saini. Akikuta hatari ya papo hapo, huomba ruhusa ya kukitenga kifaa na kukibandika lebo ya onyo. Kutumia kifaa chenye lebo hiyo ni kosa kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji pia.

Sasa turudi mahakamani. Hakimu wa kwanza alimpa mwenye nyumba amri ya kurudishiwa fleti. Mpangaji akakata rufaa, na jaji wa mahakama ya kaunti akaitengua amri hiyo. Alifuata uamuzi wa 2018 wa mahakama ya kaunti ya London ya Kati, katika shauri la kampuni ya Caridon, uliosema kwamba sharti la "kabla hajaanza kukaa" ni la mara moja tu. Likikupita, limekupita. Ukileta cheti baadaye hujatimiza sharti, na kwa muda wote wa upangaji ule huwezi kutumia kifungu cha 21. Kwa takriban miaka miwili na nusu wapangaji wengi walilindwa na tafsiri hiyo, na wenye nyumba wengi wakagundua kwamba bahasha iliyosahaulika siku ya kukabidhi funguo imewafungia njia ile ya kudai nyumba.

Kwenye Mahakama ya Rufaa, Jaji Patten, akiungwa mkono na Jaji King, alisoma maneno ya sheria kwa namna nyingine. Kanuni za 2015 ziliposema lipi ni sharti kwa ajili ya kifungu cha 21A, zililipunguza: zilitaja kitendo cha kumpa mpangaji nakala, na kusema muda wa siku 28 hautahesabiwa. Kwa majaji hao wawili, hiyo ni dalili kwamba Bunge halikukusudia ucheleweshaji peke yake umfungie mwenye nyumba milele. Waliona pia kwamba kifungu cha 21A kinazungumzia wakati notisi inapotolewa. Kama siku hiyo cheti kimeshafika mkononi mwa mpangaji, basi kwa ajili ya notisi mwenye nyumba hana tena kosa linaloendelea. Kosa la kuchelewa linabaki chini ya sheria ya afya na usalama, ambako adhabu zake zinafika faini isiyo na kikomo na kifungo.

Jaji Moylan alikataa. Siku 28 ni za mpangaji aliyemo, alisema kwa maana hiyo, na kanuni iliondoa siku hizo tu. Sharti la mpangaji mpya halina siku 28 ndani yake, linasema "kabla", na hakuna mahali kanuni ilipoligusa neno hilo. Mwenye nyumba aliyelipuuza ajilaumu.

Kwa usomaji wa maandishi, Jaji Moylan ananishawishi zaidi. Ukiondoa "kabla" kwenye sharti lile, mpangaji mpya na wa zamani wanakuwa kitu kimoja, na sioni kwa nini kanuni ihangaike kuwatenga. Lakini wale wawili nao siwaoni kuwa waliwaonea wapangaji. Kama boila imekaguliwa kweli, na fundi ametia saini wiki chache kabla mpangaji hajaingia, basi usalama wenyewe ulikuwepo na kilichochelewa ni taarifa. Kuchelewa kwa taarifa ni jambo la kweli, kwa kuwa mpangaji alikaa karibu miezi tisa akiamini kwa kubahatisha. Hata hivyo hakukaa kando ya boila iliyoachwa bila kuguswa.

Kosa la pili halina utetezi wa namna hiyo. Baada ya ukaguzi wa 31 Januari 2017, ule uliofuata ulitakiwa ukamilike ndani ya miezi 12, na haukukamilika. Mpangaji alilileta hilo pia, na mahakama ikajibu kwamba kanuni za 2015 zimetaja aya zinazohusu kutoa nakala. Aya inayoamuru ukaguzi wa kila mwaka hazikuitaja. Kuchelewesha ukaguzi, basi, hakuzuii notisi ya kifungu cha 21. Kwa maneno ya sheria jibu hilo ni sahihi, na hata Jaji Moylan angepata taabu kulipinga. Nalaumu waliotunga kanuni. Walitaka kuutumia uzito wa notisi ili wenye nyumba wajali gesi, wakaishia kuifunga notisi kwenye karatasi na kuuacha moto wenyewe pembeni. Mwenye nyumba anayekagua kwa wakati na kusahau kutuma barua pepe alikwama. Anayeacha boila miezi 15 bila fundi, kisha akakagua na kukabidhi cheti kipya siku moja kabla ya notisi, alipita.

Kuna sehemu ambako mahakama baadaye zilikaribia zaidi kwenye moto wenyewe. Hukumu ya 2020 ilihusu cheti kilichokuwepo na kikachelewa kutolewa, na swali likabaki kuhusu mwenye nyumba ambaye hakuwa na ukaguzi wowote kabla mpangaji hajaingia. Mwaka 2022 mahakama ya kaunti ilisema kosa hilo haliponi: huwezi kukabidhi kwa kuchelewa kitu ambacho hakikuwepo. Uamuzi wa mahakama ya kaunti hauzifungi mahakama nyingine, lakini mantiki yake naikubali kabisa.

Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeufunga mjadala kwa njia nyingine, kwa kukifuta kifungu cha 21 katika upangaji wa nyumba binafsi England kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Kwa mpangaji ni ushindi mkubwa, kwa kuwa hatolewi tena bila sababu inayotajwa. Ila hapa kuna kosa la kuelewa ambalo naliogopa. Kifungu cha 21A kinaondoka pamoja na notisi yake, kwa hiyo mwenye nyumba anayepima wajibu wake kwa kutazama mahakama ya kumtoa mpangaji anaweza kudhani cheti cha gesi nacho kimelegea. Hakikulegea hata kidogo. Kanuni ya 36 ipo palepale, na kuivunja ni jinai hata kama hakuna anayetaka kumtoa mtu. Halmashauri nayo ina mamlaka chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004 ya kushughulikia hatari ya kaboni monoksaidi ndani ya nyumba za kupangisha. Na tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba England anatakiwa kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi kwenye kila chumba cha kukaliwa chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma nishati, isipokuwa jiko la gesi la kupikia.

Kwa mwenye nyumba anayehofia kupitwa na tarehe, sheria ilimrahisishia kazi tangu Aprili 2018: ukaguzi unaweza kufanywa ndani ya miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe yake, na tarehe ya mwaka unaofuata ikabaki ileile. Aliyekuwa akingoja siku ya mwisho ili asipoteze wiki chache hana tena sababu. Cheti chako cha mwisho kikiwa cha 31 Januari, mwite fundi Desemba, kabla mafundi wote hawajazidiwa na boila zilizokufa kwenye baridi. Ukimpa wakala nyumba, soma mkataba wenu uone nani anayeita fundi, maana kama haujasema wazi kwamba ni wakala, wajibu unabaki kwako.

Upande wa vyumba vya kindugu ndio ninaoufikiria zaidi. Wajibu wa kanuni ya 36 hauishii kwenye fleti zenye mikataba mirefu. Unamgusa hata anayeishi kwenye nyumba yake na kupangisha chumba kimoja. Mgeni aliyefika juzi kutoka Dar au Mombasa anapokelewa na mtu wa kwao, anaitwa mwanangu, anapunguziwa kodi ya mwezi wa kwanza, na kuuliza cheti cha gesi kunaonekana kama utovu wa shukrani. Anaweza kuuliza kwa adabu bila kuvunja undugu: "Shikamoo mjomba, samahani, naomba picha ya cheti cha gesi cha mwaka huu, nikiweke pamoja na karatasi zangu." Mjomba aliyekagua ataipiga picha na kuituma jioni hiyohiyo. Asiyekagua atakuwa amekumbushwa na mtu anayemheshimu, na hilo ni bora kuliko kukumbushwa na mkaguzi wa serikali.

Mpangaji naye ana sehemu yake. Mwenye nyumba anatakiwa kuchukua kila hatua ya kuridhisha ili ukaguzi ufanyike, na mwongozo wa mamlaka ya afya na usalama unazungumzia kujaribu angalau mara tatu na kuweka kumbukumbu, lakini hawezi kuvunja mlango. Fundi anayepiga kengele na kurudi kwa sababu uko zamu ya usiku na hukujibu ujumbe amekuacha na boila isiyojulikana hali yake. Panga siku, mwachie mwenzako funguo, au omba Jumamosi. Vifaa ulivyoleta mwenyewe, kama jiko la gesi ulilolinunua, havimo kwenye wajibu wa mwenye nyumba, hivyo usidhani cheti chake kimekizungumzia cha kwako.

Na king'ora kikilia, au wote wa nyumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja, zima kifaa, fungua madirisha, tokeni nje, kisha mpige simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999, inayofanya kazi usiku na mchana. Barua ya kumuuliza mwenye nyumba cheti kiko wapi mnaweza kuiandika kesho yake.